Paspoti Kifuani kwa Bibi Esha

Naambiwa siku hizi mgeni anaomba viza akiwa kitandani kwao. Anabonyeza simu, analipia kwa simu, anajipiga picha kwa simu hiyo hiyo, halafu anageukia upande wa pili anaendelea kulala. Hongereni. Sisi tulikuwa na muhuri, kidau cha wino na bega lililokuwa linauma ikifika saa kumi jioni. Sina wivu. Ila nyie vijana mliovalishwa sare ya uhamiaji juzi, mnaopita hapa kwangu Masasi kuniamkia "shikamoo Mama Shaibu" huku jicho moja liko kwenye simu, nina neno nanyi. Hiyo simu itawaambia mgeni aliingia lini na alitakiwa kutoka lini. Haitawaambia kwa nini hakutoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na leo mtanisikiliza, maana nimestaafu, mikorosho yangu imeshapuliziwa dawa, na sina pa kwenda.

Wageni wa Arusha na Unguja ni kazi nyepesi. Wanakuja kwa mafungu kama mchicha, wanaondoka kwa mafungu. Wa kwetu huku kusini ni wachache na kila mmoja ana jambo lake. Huyu kaja kutazama vinyago, yule kaja kupiga picha Shimo la Mungu pale Newala, mwingine hata mwenyewe hajui kaja kufanya nini. Analipa kiingilio chake uwanja wa ndege, anapewa siku zake tisini, anapanda mlima kwenda juu uwandani, ndiyo kwaheri. Ukija kumwona tena anaongea Kimakonde na ana deni la uraka, ile pombe ya mabibo.

Bosi wangu wa kwanza aliitwa Afande Chitanda, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliniambia hivi: "Mgeni akizidisha siku, usihangaike na tarehe. Tarehe utaikuta kwenye paspoti. Tafuta nani anayemshikilia." Nikadhani ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Mimi nilikuwa mkali. Nilikuwa mkali mpaka mbwa wa jirani alikuwa ananipisha njia. Wiki yangu ya kwanza kazini nilikwenda Lulindi, nikamkuta mama wa Kizungu, mtawa mzee, anapalilia mchicha nyuma ya kanisa. Nikamsimamia kichwani: "Paspoti!" Hakuinuka. Akanijibu kwa Kimakua kizuri kuliko changu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia mama yangu, wa Chiwata. Akasema, "Mama yako nilimpokea mimi siku aliyozaliwa. Alitanguliza miguu. Na wewe naona umeifuata tabia." Nikamwamkia, nikapokea jembe, nikapalilia ule mchicha mpaka mwisho wa tuta. Vibali vyake vyote vilikuwepo, vimepangwa vizuri kuliko kabati langu la nguo.

Mwingine alikuwa kijana mpole aliyekuja kuchunguza vipepeo. Nilipomkamata alishangaa kwa dhati. Alikuwa anahesabu siku zake kwa kalenda iliyotundikwa sebuleni kwa mwenyeji wake, na ile kalenda ilikuwa ya miaka mingi nyuma, haikuondolewa ukutani kwa sababu ina picha nzuri ya maporomoko ya maji. Mwenyeji wake alinikasirikia mimi. "Kwani hukuona ni ya zamani?" nikamuuliza. Akasema, "Nilijua ni ya zamani. Sikujua kama mgeni anaisoma."

Basi, nimeshawachekesha, sasa sogeeni. Nataka kuwasimulia ya Timo.

Timo alikuwa fundi seremala mstaafu kutoka Ufini, mrefu mpaka akiingia ofisini kwetu alikuwa anainama, halafu anauomba radhi mlango. Mke wake alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa. Kila mwaka alikuwa anadunduliza nauli, anakuja Newala kukaa kwa Mzee Hamisi, mchonga vinyago, kujifunza kuchonga. Wale wazee wawili walikuwa wanakaa barazani kutwa nzima wakitoboa mpingo, wanasema maneno mawili kwa saa. Kwa Timo hayo ndiyo yalikuwa maisha. Huko kwao alikuwa anasubiri tu mwaka uzunguke.

Alhamisi moja aliingia ofisini kwangu mwenyewe, jambo ambalo waliozidisha siku hawalifanyi hata kwa kupotea njia.

"Shikamoo, Mama Shaibu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Viza yangu inaisha Jumapili."

"Panda basi Jumamosi asubuhi. Jumapili uko kwenye ndege."

"Siwezi. Paspoti yangu iko kifuani kwa bibi."

Nikaweka kalamu chini.

"Bibi gani?"

"Bibi Esha. Ameiweka hapa." Akajigusa kifuani, akaona haya. "Ndani ya kanga. Naomba radhi."

Ikabidi aanze mwanzo. Mzee Hamisi alikuwa amefariki Jumatatu, ghafla, patasi ikiwa mkononi. Timo alikuwa ameshafungasha mizigo ya kurudi kwao, kwa hiyo alikwenda mazikoni na mkoba wake begani, na humo mna paspoti. Wakati wanaume wanatoka na jeneza, bibi mmoja mfupi akamchomoa ule mkoba begani, akauvaa yeye, akatembea nao mbele ya waombolezaji akiinama kwenye kila mlango na kuomba radhi. Msiba wote ukacheka. Timo naye akacheka, akasubiri kurudishiwa mkoba wake. Mkoba ulirudi, bila paspoti.

Nikajua pale pale. Nyie mliokulia mjini mnadhani utani ni kutumiana picha za kuchekesha. Huku kwetu kila ukoo una watani wake tangu enzi na enzi, na mtani kazi yake kubwa ni msibani. Wafiwa wanalia, mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anateka sufuria, anateka mkeka, anateka hata mkwe, na kitu kikishatekwa na mtani hakinyang'anywi. Kinakombolewa. Bibi Esha alikuwa mtani wa ukoo wa Mzee Hamisi, na kwa kuwa Timo alikuwa wa nyumba ile, alitekwa kihalali.

"Nenda polisi," nikamwambia. "Andikisha imeibiwa, ubalozi wenu utakupa hati ya dharura."

"Haijaibiwa. Watamkamata bibi."

"Basi sema imepotea."

"Haijapotea. Najua ilipo." Akafikiri. "Kwa sasa iko upande wa kushoto."

Nikamweleza sheria kama nilivyozoea kuieleza, kwa kugonga meza. Akizidisha hata siku moja, ameshavunja masharti. Atatozwa faini, na akiandikwa kuwa mgeni asiyetakiwa, mwaka ujao atashushwa kwenye ndege na kupandishwa ndege hiyo hiyo. Aliposikia hivyo yule mzee alishika magoti kwa mikono yake mikubwa. Halafu akasema, "Mama, nikifungiwa hapa, sina pengine." Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayetaja saa. Mimi na ukali wangu wote nikaacha kugonga meza. Nikachukua kofia yangu ya sare. "Twende Newala," nikamwambia. "Nitaichukua mimi hiyo paspoti."

Kicheko alichocheka Afande Chitanda nilipomuaga, nilikielewa baadaye.

Tulifika kwa marehemu alasiri, matanga bado yamejaa. Kukatisha njia ya kuingilia uani kulikuwa na mchi wa kutwangia, umelazwa juu ya vinu viwili. Nyuma ya mchi alikuwa amesimama Bibi Esha. Mfupi, jino moja mbele, amevaa koti la marehemu linalofika magotini na kofia yake ya kiua, sikioni kachomeka patasi.

"Hodi hapa," nikasema, "mimi ni afisa wa serikali."

"Hapa ni npakani," akasema kwa lafudhi ya huku kwetu. "Una viza?"

"Bibi, shikamoo. Nimekuja kikazi."

"Sikukuuliza shikamoo, nimekuuliza viza. Umekuja kutalii au kulia? Kulia ni bure. Kutalii kuna kiingilio."

Watu wakaanza kucheka mikekani. Binti wa marehemu, Mama Salma, ambaye macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio, alijifunika kanga usoni, nikaona mabega yanacheza. Nikasema kwa sauti ya ofisini kwamba kuzuia hati ya kusafiria ya mtu ni kosa la jinai. Bibi Esha akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha kwa heshima kubwa. Halafu akaruka, sijui kwa miguu gani, akaninyakua kofia ya serikali akaivaa juu ya ile ya kiua.

"Jinai!" akapiga kelele kwa sauti yangu. "Jinai! Jinai! Nkamateni huyu, kaingia nchini bila kofia!"

Hapo nikakosea. Nilimrukia. Wanangu, kama mtasahau yote niliyoyasema, lishikeni hili moja: msimrukie mtani msibani. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wanasubiri jambo hilo hilo. Nilifungwa mikono kwa kanga, nikaketishwa chini ya ghala, nikawekewa mbele yangu beseni la ming'oko, vile viazi vya porini, niimenye. Mtu akinipita anasema, "Pole mahabusu." Nilimenya ming'oko ya msiba mzima, afisa wa uhamiaji mwenye nyota begani, mpaka Mama Salma alipokuja kunikomboa kwa jogoo. Kofia haikuwemo kwenye jogoo. Kofia, niliambiwa, ina bei yake.

Timo wakati huo alikuwa anajaribu kujikomboa mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona ugonjwa uko wapi. Bibi Esha alimwambia alete jogoo. Timo akaleta jogoo, akamkabidhi kwa mikono miwili, akashukuru. Bibi akamtazama jogoo, akamtazama Timo, akasema jogoo huyu hajasoma. Alete jogoo aliyefika darasa la saba. Timo akauliza kwa unyenyekevu mtu anampata wapi. Bibi akasema basi, alete friji. Timo akatoa kikaratasi akaandika "friji". Bibi akasema anataka ng'ombe mwenye meno ya dhahabu. Timo akauliza, "Meno yote?" Kila alivyokubali, bei ilikuwa inapanda, na kadiri bei ilivyopanda uso wa bibi ulikuwa unazidi kununa.

Jioni nilimfuata Bibi Esha jikoni kwake, nyumba ya pili kutoka kwa marehemu. Alikuwa anapuliza moto, kofia yangu bado kichwani.

"Bibi," nikamwambia kwa upole sasa, kama mtu aliyemenya ming'oko. "Unamtesa nzee wa watu. Kafiwa kama wenye msiba."

"Aka! Namtesa mimi? Yeye ndiye ananitesa!" Akanigeukia, na nikaona kweli amekasirika. "Tangu Jumatatu nnamchokoza. Nimemwita nlingoti. Nimemwita twiga aliyefulia. Hajanitukana hata mara moja! Ananipa asante! Ntani gani anatoa asante? Nikimpa hiyo paspoti yake atanipa asante tena, ataondoka, basi, imekwisha."

"Si ndivyo inavyotakiwa?"

Akapuliza moto muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Hamisi alikuwa ananiita nyani wa nkorosho," akasema. "Kila siku ya Mungu. Anafungua dirisha, anakohoa, 'Nyani wa nkorosho, bado u hai?' Namjibu. Ndiyo tunakunywa chai. Wenzetu wote wamekwisha, ntoto wangu. Vijana wako Dar, wakija wananisalimia shikamoo wananipa sukari. Nani atanitukana sasa? Na mimi nikifa, nani atavaa kanga zangu awachekeshe hawa? Nitazikwa kimya kama mbuzi?"

Nilisimama pale na moshi machoni, nikamkumbuka Afande Chitanda. Nilikuwa nimempata anayemshikilia mgeni wangu, nikaona aibu kwa kuja na sheria mahali pasipohitaji sheria. Kwa watani, kulipa kwa adabu ni kukataa undugu. Kumbe Timo alikuwa anamkataa yule bibi kila alipomwambia asante, na mwenyewe hajui.

Ijumaa asubuhi nikamchukua Timo mpaka kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, mbali na watu, nikamwambia, "Leo utajifunza kutukana."

Akageuka rangi. "Kumtukana nani?"

"Bibi Esha. Anza na mimi kwanza. Jifanye mimi ndiye yeye."

Alijikuna shingo. "Mama Shaibu," akasema hatimaye, "viatu vyako havikupigwa dawa vizuri sana."

"Hilo ndilo tusi?"

"Naomba radhi."

"Usiombe radhi! Tena."

"Bibi, wewe ni mzee kidogo."

"Zaidi."

"Bibi, wewe ni mzee wa kutosha."

Nikakaa chini kwenye majani makavu. Alinieleza kwamba kwao, mtu akimkasirikia jirani sana sana, anafunga dirisha kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, na jirani anaelewa, hazungumzi naye miaka. Nikamfundisha mlango wa utani: kwamba unamshika mtu pale pale anapojulikana na kila mtu, unapavuta. Mfupi mwambie kadondoka kwenye mfuko. Mwenye jino moja muulize hilo lililobaki linawasubiri wenzake mpaka lini. Alirudia kila neno baada yangu kama mtoto wa madrasa, kwa sauti ya kumpa mtu pole. Kuku walipita, nikamwambia awatukane kuku. Aliwaambia wanatembea vibaya. Nilipotazama jua nikakata tamaa, kwa sababu basi la Dar lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri, na mwanafunzi wangu alikuwa hajaweza hata kuku.

"Niache nifikiri kwa mikono," akasema. Akaenda barazani kwa Mzee Hamisi, akachukua patasi na kipande cha muhogo mbichi kutoka jikoni, akaketi kwa kunipa mgongo.

Baada ya sala ya Ijumaa watu walirudi msibani. Bibi Esha naye akawa anarudi nyumbani kwake kubadili kanga, koti la marehemu begani, kofia yangu kichwani. Akakuta mlangoni kwake pamefungwa kamba, kutoka nguzo hadi nguzo. Nyuma ya kamba Timo ameketi kwenye kigoda, magoti yanafika masikioni, mbele yake kinu kilichopinduliwa kama meza.

"Simama hapo," akasema Timo. "Jina?"

Bibi Esha akasimama. Watu wakaanza kusogea.

"Ati jina! Esha mimi, unanijua, nlingoti we."

"Uliingia duniani lini?"

"Nimeingia zamani za Njerumani!" akasema bibi, akiongeza umri wake kwa miaka ya kutosha, na nikaona macho yameanza kumng'aa.

Timo akatikisa kichwa polepole kama nilivyokuwa natikisa mimi ofisini. "Hii ni mbaya. Watu wote ulioingia nao wameshatoka. Wewe umezidisha. Viza yako imeisha zamani sana, bado uko hapa unakula ming'oko ya wananchi." Akavuta pumzi. "Nani anakushikilia?"

Hakuna aliyecheka. Mama Salma aliziba mdomo kwa mkono. Mtu jirani yake wa miaka yote kazikwa Jumatatu, na huyu mgeni anamwambia mbona hujafa. Nikasema moyoni hapa nimemponza, paspoti imekwenda na mtu mwenyewe kakwenda.

Bibi Esha akamkazia macho. Jino lake moja likatokeza.

"Nimebaki nikuzike wewe," akasema, "kigogo kilichobanduliwa magome!"

Ndipo uwanja mzima ukalipuka. Bibi alijishika mbavu, akainama, akakaa chini mchangani, anapiga ardhi kwa kofia ya serikali. Timo akaruka kamba, karibu aanguke, akachukua kile kipande cha muhogo, akakichovya kwenye masizi, akamgonga nacho bibi katikati ya paji la uso. Muhuri. Alikuwa amechonga muhuri wa muhogo. Tuliposogea kuutazama, kwenye paji la Bibi Esha alikuwa amekaa nyani mdogo juu ya tawi, mkia wake na kila kitu, na chini yake korosho moja.

Mama Salma akamletea kioo. Bibi alijitazama. Akacheka, akajitazama tena, halafu kicheko kikamgeukia kooni. Mtani halii msibani, hiyo ndiyo kazi yake, na tangu Jumatatu hakuwa amelia. Akalia pale mchangani, "Hamisi, Hamisi," mpaka masizi yakachuruzika hadi puani, na wafiwa ndio wakawa wa kumbembeleza yeye. Akiwa bado analia akaingiza mkono kifuani, upande wa kulia safari hii, akaitoa paspoti, akampigia nayo Timo kichwani.

"Nenda zako," akamwambia. "Na ukirudi bila tusi jipya nitaiteka tena."

Timo akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu kabla hajasema asante.

Jumamosi alfajiri alipanda basi pale stendi ya Masasi, Jumapili akatoka nchini siku yake haijaisha, hana doa. Mwaka uliofuata akalipa kiingilio chake kama mgeni yeyote, akapanda mlima. Na uliofuata. Nasikia alikuwa anafika nyumbani kwa Bibi Esha kabla hajatua mzigo, anafungua dirisha lake kwa nje na kumwambia jambo ambalo siwezi kulisema hapa. Kofia yangu ililetwa ofisini na dereva wa basi, imewekwa ndani yake mayai sita na ujumbe wa mdomo kwamba niyaangue mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshastaafu Mama Salma aliponipigia simu kwamba Bibi Esha amefariki. Nilikwenda. Timo alikuwa yuko Newala, viza yake ina siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyemhesabia. Alikuwa amevaa kanga za marehemu, mbili, moja kiunoni moja kichwani, miguu mirefu imebaki nje, ameng'oa meno yote kwa kuyapaka masizi na kubakiza moja. Aliwaigiza wazee, akawaigiza wajukuu waliotoka Dar na sukari zao, akaniigiza mimi nikimenya. Watu walicheka msiba ule mpaka wengine wakaenda kujiegemeza ukutani. Hakuzikwa kimya.

Jeneza lilipoinuliwa, Timo akalala chini kukatisha njia ya kutokea uani.

"Huyu hatoki," akasema. "Karatasi zake hazijakamilika."

Wakacheka. Mama Salma akaleta jogoo, Timo akasema jogoo hajasoma. Wakaleta wawili, akasema wamefeli. Kicheko kikaendelea, kisha kikaanza kupungua, maana yule mtu alikuwa hainuki. Sheikh akakohoa kidogo, jua lilikuwa linakwenda. Wanaume waliobeba jeneza wakabadilishana mabega. Nikaona wote wananitazama mimi.

Nikasogea, nikachuchumaa kando yake. "Timo," nikamwambia, "muda wake umeisha. Sheria ni sheria, mwache aende."

Masizi yalikuwa yamemchuruzika mdomoni. Alisema polepole, ili wengine wasisikie, "Mama Shaibu, mwongezee siku moja."

Miaka yote ya kazi nimeombwa hivyo na wachumba, na walevi, na wagonjwa, na watu wa vipepeo, na kila mmoja nilikuwa na jibu lake. Huyu nilimpa mkono, akaushika, nikamwinua njiani. Jeneza likapita, naye akaingia katikati ya wanaume akatia bega, kanga ya Bibi Esha bado iko kichwani.